Neno Lililorukwa

Bukavu, 6 Januari 1957

Mjomba Anatole,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na Mama Suzanne. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua ya huku juu, ambayo hayamwachi mtu aliyelelewa kando ya ziwa letu kule chini. Mama amenitumia kapu la samaki, ndagala, kutoka Baraka kwa mkono wa dereva Uledi. Nusu nilizipokea. Nusu nyingine Uledi anasema zilipungua zenyewe, kwa joto la injini.

Sasa neno lenyewe. Katika mtihani wa Desemba, somo la uchumi, nimepata sita juu ya ishirini. Profesa alisoma alama mbele ya darasa zima, na alipofika kwangu aliishika karatasi kwa vidole viwili kama kitu kilichookotwa njiani. Sheria ya shule unaijua: atakayepata chini ya kumi mwezi wa Julai, haandikwi tena. Nikiondolewa, bwana wa pamba wa Baraka amekwisha kumwambia Mama kwamba ananingoja niwe kapita wake, msimamizi wa mzani.

Kinachonishinda kuelewa ni hiki. Somo ninalijua. Eugène, jirani yangu wa dawati, mimi ndiye ninayemfundisha, naye amepata kumi na nne. Ninakutumia karatasi yenyewe pamoja na wino mwekundu wote. Wewe umesahihisha karatasi za watu kwa miaka kumi na miwili. Niambie ninapokosea.

Uledi ameniuliza tena kwa nini mtu aliyesoma kama wewe aliacha meza ya ofisi akaenda kufundisha watoto a, be, che. Nimemjibu sijui, kwa kuwa sijui.

Mpwa wako,
Norbert

*

Fizi, 27 Januari 1957

Norbert mpwa wangu,

Barua yako imefika ikinuka mazuti ya gari, maana Uledi aliikalia siku kumi na moja. Huku mvua imelibomoa jiko la shule. Mama Suzanne ana kikohozi kile kile na anakataa dawa ile ile. Siku ya mwaka mpya nilishuka Baraka nikamwona mama yako. Amepanda muhogo nyuma ya nyumba na amegombana na jirani kwa sababu ya mbuzi. Haulizi habari za masomo yako. Anauliza kama unakula.

Nimeisoma karatasi yako mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani Uledi amechanganya barua akaniletea ya mtu mwingine.

Unajua mengi, na hilo ndilo linalochukiza. Mjinga akijibu ovyo tunamhurumia. Lakini wewe una ghala limejaa, na mtu akiomba chumvi unamrushia jembe.

Tuanze chini kabisa, kwa kuwa naona ndipo ulipo. Kila swali la mtihani lina neno moja linalotoa amri. Maneno yaliyobaki yanaonyesha tu amri hiyo inahusu nini. Wewe uliyasoma hayo yaliyobaki, ukaona pale neno «bei», ukafurahi kama mbwa aliyeona mkia wa bwana wake, ukamwaga yote unayoyajua juu ya bei. Amri hukuitazama.

Swali la kwanza linasema: taja mambo matatu yanayopandisha bei ya bidhaa. Taja. Umeandika kurasa mbili, na jambo la tatu halimo. Juma lililopita nilikuwa sokoni Baraka, nikamwambia Mama Kulthumu anitajie samaki alionao. Akasema, «Ndagala, mukeke, kuhe.» Akaishia hapo, akafukuza inzi. Nilipoendelea kusimama pale akaniuliza, «Weye mwalimu, unataka samaki ao unataka hadisi?» Mwanamke huyo hajakaa darasani hata siku moja, na kwa swali la kwanza angepata alama zote.

Swali la pili: fafanua mtaji. Umeandika, «Mtaji ni kama mtumbwi wa mvuvi.» Hiyo «kama» yako ni ugonjwa. Mtu akiulizwa yeye ni nani, haonyeshi kidole nyumba ya shangazi yake. Kufafanua ni kujenga ua kuzunguka kitu kimoja: kila kilicho cha kitu hicho kibaki ndani, kila kisicho chake kibaki nje. Sema kwanza mtaji ni kitu cha aina gani, kisha sema kinatofautianaje na vingine vya aina hiyo. Ukimaliza, mlete mvuvi na mtumbwi wake, akae nyuma kama mgeni.

Swali la nne: linganisha soko la mji na soko la kijiji. Umeandika ukurasa mzima juu ya mji. Umefunga. Umeandika ukurasa mzima juu ya kijiji. Umefunga. Hayo ni majirani wawili wasiosemeshana. Kulinganisha ni kuchukua kipimo kimoja na kuwapimia wote wawili papo hapo. Ndagala wa Swima na ndagala wa Nundu: ukubwa, wa Swima wako hivi na wa Nundu wako hivi, ukavu, hivi na hivi, umbali wa kuwafikisha sokoni, hivi na hivi. Kila mstari uwe na wote wawili, vinginevyo hujalinganisha.

Huyo Eugène wako hakuzidi akili. Alisoma amri tu.

Nakupa kazi. Chukua somo moja, chumvi, uliandikie maswali matatu: moja la kutaja, moja la kufafanua, moja la kulinganisha. Yajibu kwenye karatasi moja, na majibu yasifanane hata kidogo. Nitumie. Ukirudia upuuzi wa Desemba, usinitumie. Wape wanaouza karanga wafungie.

Kuhusu Uledi, mwambie aangalie breki zake.

Mjomba wako,
Anatole

*

Bukavu, 24 Februari 1957

Mjomba Anatole,

Shikamoo. Natumaini jiko limesimama na Mama Suzanne amekubali dawa. Hapa Eugène amefiwa na babu yake, tumemchangia nauli, amekwenda na kurudi. Mama ameniletea salamu kwamba mbuzi wa jirani wamerudi tena na yeye yuko tayari.

Majibu ya chumvi umeyapata. Katika jaribio la Februari nimepata kumi na moja. Profesa ameniangalia kwa mashaka, kama mtu aliyenunua punda kilema na sasa anamwona anakimbia. Kwa hayo nakushukuru, hata kwa yale ya mbwa na mkia.

Lakini umeacha maneno mawili, nayo yalikuwamo katika karatasi ile ile ya Desemba: eleza, na jadili. Hasa eleza. Mwezi huu swali lilisema: eleza kwa nini bei ya muhogo hupanda kabla ya mavuno. Nimepata sifuri juu ya nne. Niliandika vijiji vyote ambavyo muhogo ulipanda bei, kuanzia Nundu hadi Fizi, nikidhani kadiri vilivyo vingi ndivyo nitakavyoonekana najua. Profesa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: «Orodha si sababu.»

Nifundishe hilo kwanza, Mjomba.

Norbert

*

Fizi, 20 Machi 1957

Norbert,

Jiko limesimama, limeegemea upande. Mama Suzanne amekunywa dawa mara moja na kutangaza kwamba haisaidii. Mama yako ameshinda vita vya mbuzi; jirani amejenga ua. Nilikuwa huko Jumapili, tukala ugali na mukeke wa kuchoma. Akaniambia kwamba sasa unafanana na baba yako mdomoni na puani, na kwamba ulipokuja Krismasi alikuita kwa jina lake bila kukusudia. Nilimwambia watoto wote hufanana na mtu fulani.

Kumi na moja si alama ya kumpigia mtu ngoma. Punda aliyepona mguu bado ni punda. Tuendelee na jadili.

Wewe na wenzako mmeharibiwa na katekisimu. Swali moja, jibu moja, na anayejibu amesimama mikono nyuma. Mungu ni nani? Mungu ni hivi. Basi profesa anaandika, «Mashine huwanyang'anya watu kazi. Jadili,» nanyi mnajibu, «Ndiyo, ni kweli kabisa, mashine huwanyang'anya watu kazi,» kisha mnamsifu aliyesema. Mnaona maneno yamewekwa ndani ya alama za kunukuu, mnadhani yameshuka kutoka mbinguni. Nimesahihisha karatasi za namna hiyo hadi nikaona aibu kwamba mimi ndimi niliyewafundisha waandishi wake kushika kalamu.

Nyumbani kwenu mnajua kujadili vizuri sana. Kaeni penye baraza la Wabembe siku ya kesi ya mahari. Mzee wa kwanza husema mpaka unaamini kwamba bwana harusi ameonewa. Wa pili husema mpaka unatamani bwana harusi afukuzwe. Hakuna anayemkatiza mwenzake. Mwishoni yupo mmoja anayesema, «Tumesikia huku, tumesikia huku, mimi naona hivi, kwa sababu hii.» Watu hao hao wakiingia darasani, wanakuwa kondoo.

Kujadili, basi, ni hivyo. Toa sababu za upande unaosema ndiyo, zenye nguvu, si za kuchezea. Toa za upande unaosema hapana, zenye nguvu ile ile. Kisha chagua, na useme umechagua kwa nini. Asiyechagua amekimbia kazi. Aliyechagua kabla ya kusikia pande zote ametoa hukumu bila kesi.

Na usiogope kumpinga aliyenukuliwa. Mara nyingi profesa ameyatunga maneno hayo mwenyewe asubuhi akinyoa ndevu.

Jadili mwenyewe: «Barabara mpya ya kwenda Nundu imewatajirisha wavuvi.» Ukurasa mmoja na nusu.

Eleza litakuja wakati wake. Ni neno rahisi.

Anatole

*

Bukavu, 14 Aprili 1957

Mjomba Anatole,

Nakuamkia. Mafua yamekwisha, viatu navyo vimekwisha. Barabara ya Nundu nimeijadili na ukurasa uko humu ndani. Profesa aliiona mezani kwangu akaisoma bila ruhusa, akauliza nimejifunzia wapi. Nikasema nyumbani. Akacheka.

Umesema eleza ni neno rahisi. Kama ni rahisi, mbona huliandiki? Yote uliyonifundisha umenifundisha kwa mifano ya kwetu, na nimeyashika. Hili moja umelipita mara mbili, kama watu wanavyopita mbele ya nyumba ya mtu wasiyesalimiana naye.

Habari nyingine itakufurahisha. Kumbe profesa wetu alifanya kazi katika wilaya yetu wakati wa vita, akiwa mtaalamu wa kilimo, kabla ya kuwa mwalimu. Anasema anaifahamu Fizi kuliko sisi tuliozaliwa huko. Ameahidi kutuletea karatasi ya zamani aliyoihifadhi, atuonyeshe jinsi makarani wa wakati ule walivyojibu walipoambiwa waeleze jambo. Anasema tutacheka.

Norbert

*

Fizi, 2 Mei 1957

Norbert,

Sote wazima. Chaki zimekwisha shuleni, tunaandika kwa mkaa. Barabara ya Nundu umeijadili vibaya upande wa hapana. Wavuvi wasio na chombo umewasahau.

Kuhusu eleza, soma kitabu chako cha masomo, sura ya kwanza, wameandika vya kutosha. Si kila kitu lazima mtu atafuniwe.

Karatasi za zamani zina vumbi. Mtu mwenye mtihani mwezi wa Julai hana wakati wa kuzipangusa.

Jina la profesa huyo ni nani?

Anatole

*

Bukavu, 26 Mei 1957

Mjomba,

Mimi ni mzima.

Uliniuliza jina la profesa. Sitalitaja. Nimejifunza mwezi huu kinachoweza kutokea mtu akitaja jina.

Karatasi aliileta siku ya Jumanne. Ni ya Oktoba 1943. Juu imepigwa taipu amri ya ofisi: eleza sababu za kushuka kwa mavuno ya pamba katika kijiji cha Lubondja. Chini yake ni jibu la karani, kwa mkono. Sahihi ameikata kwa mkasi. Alisema ni kwa ajili ya adabu. Alisoma swali kwa sauti ya padri, kisha akasoma jibu. Hapakuwa na sababu hata moja. Palikuwa na majina kumi na manne ya wanaume, yamepangwa kwa nambari.

Darasa lilicheka. Eugène alicheka mpaka akalaza kichwa juu ya dawati. Na mimi nilicheka, Mjomba. Nilicheka mpaka jina la tisa.

Kisha akatoa karatasi yangu ya Februari, ile ya muhogo na vijiji, akaziinua mbili pamoja. Akasema, «Mtazameni huyu wa zamani na huyu wa leo. Ni ndugu hawa.» Wakacheka tena. Karatasi ikapitishwa mkono kwa mkono, ikafika kwangu. Herufi J ya jina la tisa ina mkia unaorudi nyuma na kupita chini ya jina lote. Nilijifunza kuandika kwa kuifuatisha herufi hiyo juu ya kibao, mezani kwako, nikiwa na miaka minane, mwaka uliofuata kifo cha baba yangu Jacques.

Orodha za namna hiyo zilikuwa za askari, hilo kila mtoto wa Fizi analijua. Kwa miaka kumi na mitatu umeniambia baba alikufa kwa homa. Umetaja Nundu katika barua zako, umetaja Swima, umetaja Baraka na soko lake. Lubondja, kijiji cha baba, hukukitaja hata mara moja. Sasa najua pia la kumjibu Uledi.

Umenifundisha tangu Januari kama mtu anayemwaga maji kwenye mtungi uliotoboka. Umeniita mbwa, punda, kondoo. Nimevumilia, maana nilidhani aliyekuwa akisema yuko juu.

Nimetafuta namna ya kukutetea. Nimeipata moja tu: kwamba hukulielewa swali. Ulikuwa kijana, Kifaransa chako kilikuwa bado kichanga, ukaona neno «Lubondja» ukamwaga yote uliyoyajua juu ya Lubondja, kama mimi na bei. Profesa anasema ndivyo ilivyokuwa. «Alisoma miaka minane, na hakuelewa neno moja.» Hilo naweza kulibeba. Mjomba mpumbavu si kitu kigeni katika ukoo wowote.

Kama ndivyo, niandikie mstari mmoja. Kama sivyo, basi eleza.

Norbert

*

Fizi, 16 Juni 1957

Norbert,

Mama yako ni mzima. Hajui tunachoandikiana.

Nililielewa swali.

Nililielewa kuliko yeyote aliyekuwa katika ofisi ile, pamoja na mzungu aliyelitunga. Kueleza ni kumshika mtu mkono na kumtoa kwenye jambo lililotokea, hatua kwa hatua, hadi kwa lile lililolizaa. Kila hatua lazima ijibu «kwa nini» ya hatua iliyotangulia, na huruhusiwi kusimama mahali kwa kuwa tu umeogopa. Ndiyo maana sikukuandikia neno hilo. Sikuwa na mfano mwingine.

Basi sasa naeleza. Pamba ya Lubondja ilishuka kwa sababu ilipandwa kwa kalenda ya bonde la ziwani. Lubondja ni ya milimani, mvua yake ina siku zake, na mbegu zilioza ardhini. Walioziona zimeoza hawakupanda mara ya pili. Hawakupanda kwa sababu majuma yale yale ni ya maharagwe na mahindi, na mwaka uliotangulia walioacha chakula ili walime pamba walikwenda hadi Swima kuomba muhogo. Na hao walioomba muhogo walikuwa na pamba mkononi, lakini pamba haikuwalisha, kwa sababu penye mzani kapita alikuwa akiweka mguu wake mahali pasipostahili mguu, gunia la mtu likapungua uzito, likamrudisha nyumbani na kipande cha kitambaa. Juu ya hayo ilikuwa vita. Vijana wenye nguvu walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo, mashamba yakabaki kwa wanawake na wazee. Hakuna mvivu katika habari hii. Walipiga hesabu ya njaa yao, nayo ilikuwa sahihi.

Yote hayo niliyaandika mwaka 1943, kurasa mbili kwa penseli, kwa Kifaransa ambacho profesa wako asingepata pa kukisahihisha. Baba yako ndiye aliyenitembeza mashambani siku mbili na kunionyesha mbegu zilizooza. Alichimba kwa kidole, akaniwekea mbegu kiganjani. Akasema, «Andika hivi vyote, shemeji, weye unajua luga yao.»

Nilirudi Fizi nikaisoma kazi yangu. Nikaona kila sababu niliyoandika ina mwenyewe, na mwenyewe yuko ofisini. Kalenda ilikuwa ya bwana mmoja, mzani wa bwana mwingine, wabeba mizigo wa bwana mkubwa. Kuwapa sababu kulikuwa kuwaambia kosa ni lao. Majina hayakumlaumu mtu yeyote aliyekuwa na kiti. Kurasa za penseli nilizitia motoni jikoni, nikachukua wino.

Utauliza kwa nini yeye. Tarishi wa chifu alikuwa amekwisha kuhesabu mashamba. Alijua nani hakupanda, na alijua nani ni shemeji yangu. Ningemwacha, ingeonekana. Nikamweka wa tisa. Nilidhani mtu aliye katikati ya orodha haonekani, kwamba macho huangalia wa kwanza na wa mwisho. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu yote.

Nilitegemea wapewe majuma mawili. Walipewa miezi mitatu ya kuchimba barabara mlimani. Jacques alikufa juma la saba, kwa tumbo la damu. Homa ni neno langu. Niliichagua kwa sababu watu huwa hawaulizi homa ilitoka wapi. Mwaka uliofuata niliiacha meza. Usinipe sifa kwa hilo. Anayeondoka baada ya nyumba kuungua hajazima moto.

Katika jambo moja bado mimi ni mwalimu wako, nalo nitalisema. Profesa anawachekesha kwamba karani yule hakuelewa. Karatasi hiyo ilipokelewa bila alama hata moja nyekundu. Hakuna aliyeandika pembeni, «Orodha si sababu.» Askari waliondoka nayo asubuhi iliyofuata. Siku ile lilikuwa jibu sahihi, Norbert, na waliouliza walipata walichokitaka. Kama profesa wako alikuwa mtaalamu wa kilimo huku mwaka huo, karatasi ilipita mezani kwake. Wakati ule hakucheka.

Utetezi ulioniletea nakurudishia. Sikuwa mpumbavu. Ningependa sana kuwa mpumbavu.

Sababu za Lubondja sasa unazo. Zilikuwa za baba yako, mimi nilizichelewesha tu. Zitumie.

Anatole

*

Bukavu, 11 Julai 1957

Mjomba,

Barua yako Uledi aliileta siku nne kabla ya mtihani. Nimeisoma mara nyingi, kisha nikailaza ndani ya kitabu cha uchumi, sura ya kwanza.

Swali la mwisho lilikuwa hivi: «Mkulima wa nchi hii hajali bei, hulima kwa kulazimishwa tu. Jadili.» Upande wa ndiyo nilitoa sababu zenye nguvu, kama ulivyofundisha, ingawa mkono ulikuwa mzito. Upande wa hapana niliandika kalenda, mbegu, maharagwe, mzani, wabeba mizigo. Sikukitaja kijiji. Kisha nikachagua, nikasema kwa nini.

Siku ya tatu profesa aliniita chumbani kwake. Karatasi yangu ilikuwa mezani, na alikuwa ameisoma, maana hakuwa na uso wa kucheka. Akauliza mambo hayo nimeyatoa wapi. Nikasema kwetu. Akachukua kalamu, akavuta kipande cha karatasi tupu.

«Nani aliyekuambia? Nitajie jina.»

Nilimwona ameshika kalamu hivyo, Mjomba, nikajua chumba ulichokaa mwaka ule, na upana wa meza. Kwa dakika moja nilielewa jinsi jina linavyokuwa jepesi mdomoni. Ningekutaja, wala nisingeumia sana.

Nikamwambia, «Bwana Profesa, swali lilisema jadili. Halikusema taja.»

Aliiacha ile karatasi tupu, akaivuta yangu. Akapunguza alama mbili, kwa kukosa heshima, akaniambia nitoke. Nimebaki na kumi na moja. Nitaandikwa tena Septemba.

Usidhani nimekusamehe. Nilinyamaza kwa ajili yangu, nisije nikawa na mwandiko wako mpaka ndani.

Natelemka na Uledi juma lijalo. Sitapanda Fizi, nitakaa Baraka kwa Mama. Yeye bado ana homa ile uliyompa mwaka 1944. Nimefikiri nimwambie mimi, nikaona hapana, swali hilo si langu.

Shuka Jumapili, mapema, kabla ya misa. Nitamwondoa jirani na mbuzi wake, nami nitakaa nje, mlango ukiwa wazi. Usimletee orodha. Majina yote kumi na manne anayajua. Wake zao ndio anaouza nao muhogo sokoni.

Mweleze.

Norbert